Prayong na Faili Lililokataa Kuingia

Katika miaka kumi na tisa niliyokaa chumba kimoja na Prayong, sijamwona hata siku moja akichomeka flashi ya mteja bila kwanza kuigeuzageuza mkononi, kama mtu anayekagua samaki sokoni. Mteja atasema, "Kurasa arobaini tu, shangazi, zote ziko sawa." Yeye atajibu, "Tutaona." Mteja akiapa kwa jina la mama yake, jibu ni lilelile.

Duka letu la uchapaji liko katika mji wa Phetchaburi, kusini mwa Bangkok, upande wa pili wa mto ukitokea sokoni, hatua chache kutoka lango la hekalu, na lango hilo ndilo linalotuletea riziki. Kwetu mtu wa heshima zake hachomwi hivihivi. Siku ya kuuchoma mwili, kila aliyekuja kumsindikiza marehemu huondoka na kitabu chake: picha, historia ya maisha, sala, pengine na mapishi aliyoyapenda. Wengine hujiandikia wakingali hai, wasije wakaandikiwa na mkwe. Prayong hupanga kurasa, mimi husoma na kusaka makosa, na mwenye duka, Bosi Kiang, huja kila Jumamosi kulalamika kwamba tunamaliza karatasi.

Prayong ana miaka sitini na moja. Hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini, atakuuliza wewe kwa nini ulioa. Aliingia kwenye uchapaji akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akiokota herufi za risasi moja moja kwenye trei na kuzipanga kinyumenyume. Hadi leo anasoma gazeti lililopinduliwa kwa kasi kunishinda mimi niliyelishika sawasawa. Kompyuta zilipokuja, wenzake watatu waliacha kazi. Yeye alikaa nazo kama mtu anavyokaa na mpangaji asiyemwamini. Programu anayopangia kurasa ina zaidi ya miaka ishirini na hataki kusikia habari ya mpya, kwa sababu herufi zetu hubeba alama za sauti kichwani, na kwenye ile mpya, anasema, fonti zake zinapotea na alama zinateleza mpaka zinamwangukia jirani.

Halafu ana daftari. Mle huandika kila faili lililomsumbua: tarehe, jina la marehemu, kosa, chanzo, dawa. Sasa yuko kwenye daftari la nne. Utakuta, kwa mfano: "Bwana Chaliao. Picha zote zimekuwa miraba ya kijivu. Chanzo: mteja kaleta maandishi, picha kaziacha nyumbani. Dawa: akazilete." Au: "Bibi Sangwian. Maneno yameungana mpaka mstari unatoka nje ya ukurasa. Chanzo: lugha ya faili imewekwa ya kizungu. Dawa: kubadilisha lugha, kisha kuingiza upya." Hajawahi kuandika kwamba mteja ni mwongo. Mimi ningeandika hivyo kila ukurasa.

Maana mimi, Thongbai, nilikuwa msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, katika gazeti la mkoa kwa miaka mingi kabla ya kuja hapa, na kazi ile ilinifundisha kumshuku mtu kabla hajaketi. Faili kwangu ni faili tu. Mtu ndiye wa kuangaliwa. Mara ngapi tumebishana juu ya hilo, mimi na Prayong, kila mmoja akimwona mwenzake mjinga kidogo.

Basi Jumatatu moja, mwezi wa joto kali, Prayong alikuwa amekwenda kupimwa macho. Akaingia mwanamume wa makamo, shati jeusi, viatu vya ofisini. Akajitambulisha: Phichet, mtumishi wa serikali Bangkok, mtoto wa Mwalimu Samon. Mwalimu Samon tulimjua wote. Alifundisha shule ya ng'ambo ya mto kwa miaka thelathini na minane, na nusu ya mji huu ilishika chaki mbele yake. Mwili ulikuwa uchomwe Jumamosi ileile. Mama alikwisha kuandika kitabu chake mwenyewe kwenye kompyuta, akasema Phichet, hakuna cha kuongeza. Nikamuuliza nani mwingine wa familia aone prufu. Akasema hakuna, yuko yeye tu. Kisha akakumbuka: "Na yule dada aliyekuwa akimtunza."

Alipoondoka nikajaribu kuliingiza faili kwenye programu ya kurasa. Likakataa. Nikajaribu tena, likakataa, na ujumbe wake uleule wa kijeuri kwamba haliwezi kusomwa. Nikafanya tunachofanya dukani faili linapokuwa bishi: nikalisafisha. Kusafisha ni kunakili maandishi yote ya mteja na kuyamwaga kwenye ile programu ndogo ya kompyuta isiyojua rangi, mkolezo wala ukubwa wa herufi, kisha kuyatoa humo yakiwa maneno matupu. Prayong alikwisha kunikataza kusafisha kitu asichokitazama yeye kwanza. Lakini hakuwapo, siku zilikuwa chache, na mimi si mtoto. Kompyuta yangu ni kuukuu, kwa hiyo mafaili huyafungua kwa mwonekano wa rasimu, ule unaoonyesha maneno tu bila sura ya ukurasa, maana hufunguka upesi. Nikafungua, nikachagua yote, nikasafisha, nikaingiza. Yakatiririka kama maji.

Prayong aliporudi aliuliza, "Limeingia lenyewe?"

"Limeingia," nikasema.

Jumanne Phichet akarudi. Mkononi alikuwa na trei ya mo kaeng, ile keki yetu laini ya mayai na tui, ya duka la bei kubwa. Hakuingia ndani. Alimwita Prayong kibarazani, wakasimama chini ya dari, na mimi nikiwa nyuma ya kioo nikaona yote isipokuwa maneno. Alizungumza kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake. Prayong alitikisa kichwa kukubali. Yule bwana akampa trei kwa mikono miwili, akaondoka haraka.

Machale yakanicheza. Ofisa wa Bangkok hasimami juani dakika kumi kwa ajili ya salamu. Prayong alipoingia nikamuuliza huyo bwana anataka nini. Akasema, "Ananiomba kitu kidogo." Akakata keki vipande, akanipa changu, akaketi na kuanza kusoma kurasa za Mwalimu Samon tangu mwanzo, yeye ambaye husoma vichwa vya habari tu na kuniachia mimi yaliyobaki. Nilikula ile keki, siwezi kusema uongo, lakini kila tonge nilitafuna na shaka.

Jumatano nikasoma prufu. Mwalimu aliandika vizuri, mistari iliyonyooka. Kitu kimoja tu kilinichosha. Hapa anasema, "kama nilivyoeleza hapa kando," na kando hakuna kitu. Mbele kidogo, "rudia hapo juu," na hapo juu ni habari nyingine kabisa. Nikasema moyoni, uzee. Nikakata kwa kalamu nyekundu. Nilikata mara saba.

Alhamisi saa nne asubuhi, mashine ikiwa ianze kuchapa mchana uleule, pikipiki ikasimama nje. Akaingia mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kofia ya pikipiki bado kichwani, nyuzi za rangirangi zimemganda kwenye blauzi nyeusi. Akasema anaitwa Lamyai, ni fundi cherehani, anaishi nyumbani kwa Mwalimu Samon. Aliomba aone kitabu kabla hakijachapwa. Nikampa prufu. Hakukubali kuketi. Alisoma kwa kidole, mstari hadi mstari, karibu saa nzima, na kofia hakuivua. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akapekua tena upesiupesi.

"Mimi simo," akasema.

Nikamwambia kitabu ni cha Mwalimu, wengi tuliosomeshwa naye hatumo. Akatikisa kichwa.

"Mjomba, mama alinisomea. Jioni akimaliza kuandika ananiita kutoka jikoni, 'Lamyai, njoo usikilize.' Sehemu yangu alinisomea mara mbili. Ilikuwa baada ya mafuriko. Hapa mafuriko yapo, halafu anastaafu. Katikati pametolewa." Akaweka kidole kwenye pengo lisiloonekana. "Keshokutwa wanagawa vitabu mia tano. Watu mia tano watasoma maisha ya mama na mimi sikuwahi kuwepo."

Alisema "mama," akasema tena. Nikamtazama kuanzia kofia hadi kandambili. Nakiri nilimshuku na yeye. Mtu yeyote anaweza kuingia dukani akasema marehemu alimtaja. Marehemu hatabisha, na nyumba ya Mwalimu ina bustani nzuri. Lakini kabla sijalitafuna hilo, kichwa kikanirudisha kibarazani, Jumanne, kwenye ile trei. Mtoto wa kuzaa anataka wa kulelewa aondolewe. Anakuja na keki. Anaomba "kitu kidogo." Prayong anaketi na kurasa mchana kutwa. Nikamtupia Prayong jicho la hasira. Miaka kumi na tisa nikimwona mnyoofu, kumbe bei yake ni mo kaeng.

Prayong hakunitazama. Alikuwa akimuuliza Lamyai maswali yake ya daftari: sehemu hiyo ilikuwa ndefu kiasi gani, ilikuwa na picha, Mwalimu alipoisoma alikuwa akitazama katikati ya skrini au pembeni. Lamyai akasema hakumbuki, alikuwa akimtazama mama. Prayong akainua simu, akampigia Phichet, ambaye alikuwa hekaluni akipanga mambo na watawa. Alifika kwa miguu, anatoka jasho.

Alipoelezwa, uso ulimkaza.

"Kompyuta ya mama ilikuwa nyumba moja na Lamyai miaka yote," akasema. "Kama kuna kitu kimefutwa, naulizwa mimi? Na kama hakijafutwa, basi kuna mtu leo anataka kiongezwe."

"Kaka, mimi hata kuiwasha sijui," akasema Lamyai.

"Siku ya kuulizwa kila mtu hajui."

"Wewe ndiye uliyelileta faili. Wewe ndiye uliyelisoma."

"Sijalisoma. Nimelinakili tu nikaleta. Sijalifungua kabisa."

Nikaguna, na nilitaka asikie. Mtu anampoteza mama yake, mama ameacha maisha yake yote kwenye faili, naye halifungui? Nani wa kuamini hilo?

Prayong akachukua flashi ya Phichet kwenye droo, akaigeuza mkononi, akaichomeka kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Akalifungua faili la Mwalimu lenyewe, lile ambalo hakuna aliyeligusa. Tukainama wote wanne. Mafuriko, kisha kustaafu. Katikati hakuna hata nafasi. Lamyai akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akaketi.

"Mmeona," akasema Phichet. Lakini hakusema kama mtu aliyeshinda.

Hapo hasira ikanishinda. Nikasema mimi naona mengi, naona hata ya Jumanne, na labda tungeelezwa ile keki ilikuwa ya kununulia nini. Prayong aliniangalia kwa mshangao wa kweli, nadhani ndipo alipojua nilichokuwa nimekibeba siku mbili. Hakujitetea. Aliyejibu ni Phichet, na alijibu akitazama viatu vyake tena.

"Nilimwomba asome kitabu kwanza, halafu aniambie kama mama amenisema vibaya. Kama amenisema, nijiandae kabla watu hawajasoma. Miaka sita sikuja nyumbani hata kwa Mwaka Mpya. Nilikuwa naogopa kulifungua, basi. Mnataka niseme mara ngapi?"

"Na mimi nikamwambia hajasemwa vibaya," akasema Prayong. "Wala vizuri. Hayumo. Mwalimu kamtaja mbwa wa shule kwa jina, mwanawe wa kumzaa hayumo. Hilo ndilo linaloniwasha tangu Jumanne." Akamgeukia Phichet. "Mdogo wangu, ungetaka kumtoa huyu, ungejitoa na wewe?"

Akanyoosha mkono akachukua prufu yangu, akaipekua akitazama wekundu tu.

"Kaka Thong, hizi 'hapa kando' umekata ngapi?"

"Saba."

"Mwalimu wa miaka thelathini na minane, akosee kosa moja, mahali saba?"

Akahamia kwenye kompyuta yake, akajaribu kuliingiza faili la Mwalimu kwenye programu ya kurasa, kama lilivyo. Likakataa. Ujumbe uleule wa Jumatatu ukasimama katikati ya skrini. Prayong akausoma mpaka mwisho, kisha akageuza shingo, akanitazama mara moja. Mimi nikajifanya nafuta kalamu.

"Kama ni maneno matupu," akasema taratibu, akiiambia kompyuta, "kwa nini ukatae?"

Kisha akafanya kazi yake, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mtu aliyewahi kumcheka aione. Alilikata faili nusu mbili kwenye kompyuta yangu, kila kipande akakijaribu kwenye yake. Nusu zote mbili zikakataa; akachukua ile yenye mafuriko. Akaikata tena. Robo moja ikaingia bila neno, nyingine ikakataa. Ile iliyokataa akaigawa, akaigawa tena, kila kipande akikipa namba kwenye karatasi, tiki kwa kilichoingia, mkato kwa kilichogoma. Phichet alitaka kujua inachukua muda gani. Prayong akasema itachukua muda wake. Mwishowe akabaki na mistari mitatu. Mistari mitatu ya maji kushuka na shule kufunguliwa, haina kosa lolote, na haiingii.

Akarudi kwenye kompyuta yangu, akaenda kwenye mistari hiyohiyo. Akakaa akiitazama, mkono shavuni. Halafu akasogea karibu na skrini, macho yale yaliyopimwa Jumatatu, akauliza bila kugeuka, "Hii imefunguliwa kwa mwonekano gani?"

"Wa rasimu," nikasema. "Daima."

Akabofya mara moja kuleta mwonekano wa ukurasa. Kompyuta yangu ikasita, ikajikusanya, na upande wa kulia wa ukurasa kikatokea kisanduku. Kisanduku cha mistari minne myeusi, kama vile walimu wetu walivyokuwa wakichora ubaoni na kwenye karatasi za mitihani, kuzungushia jambo ambalo mwanafunzi hana ruhusa ya kulisahau. Kila aliyesoma shule ya hapa anakijua kile kisanduku. Mwalimu Samon alikuwa amevitengeneza kwa mkono wake kwenye kompyuta, vikaelea juu ya ukurasa, nje ya mtiririko wa maneno. Programu yetu ya zamani haivijui, na kusafisha hakuvioni. Yale aliyotaka yakumbukwe kuliko yote ndiyo yaliyoanguka njiani.

Prayong akasoma kwa sauti, kwa kuwa Lamyai alikuwa hajasimama.

"'KUMBUKA. Swali: Mwalimu Samon ana watoto wangapi? Jibu: wawili. Phichet nilimzaa. Lamyai alikuja mwenyewe mwaka wa mafuriko, ana miaka sita, amebeba ndoo, na maji yalipokwisha akakataa kuondoka. Anayejibu mmoja amekosa, na sitoi nusu alama.'"

Lamyai akavua kofia ya pikipiki. Akaishika mapajani, akalia bila kujificha. Phichet alikuwa amesimama palepale. Prayong hakuwatazama. Alipandisha faili hadi ukurasa wa kwanza, ambako pia, upande wa kulia, kulikuwa na kisanduku. Akakisoma kimoyomoyo, kisha akainuka kwenye kiti na kumwonyesha Phichet akae yeye.

Nilikisoma nikiwa nyuma ya bega lake. Kilisema: "KUMBUKA. Mwanangu Phichet hajamaliza kusoma kitu kirefu tangu darasa la tatu. Kwa hiyo yote ninayotaka ayajue nimeyaweka kwenye visanduku saba. Soma hivi tu, mwanangu, inatosha. Mengine ni ya wageni."

Akavisoma vyote saba. Hatukumharakisha. Kuna kimoja alikicheka, kuna kimoja alikirudia mara tatu, na hicho sikukisoma, niligeukia dirishani. Alipomaliza aliuliza swali moja la kikazi: vitaingia? Prayong akasema vyenyewe haviingii, lakini atavijenga kwa mkono, kimoja kimoja, na mashine ya kuchapa itasubiri hadi kesho adhuhuri, Bosi Kiang apende asipende.

"Vibaki visanduku," akasema Phichet. "Na mistari iwe myeusi vilevile." Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Vilidondokaje? Nani alivitoa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni sisi hapa dukani," akasema Prayong. "Namna yetu ya kuingiza faili. Mtuwie radhi."

Nikaufunga. Phichet akamwinamia kidogo, baridi, kama mtu anayemsamehe fundi mbovu, na mimi nikamwachia Prayong aibebe heshima hiyo peke yake. Huyu ndiye niliyemwita mla rushwa mbele ya watu saa moja iliyopita.

Ijumaa alijenga visanduku saba. Kila kimoja kilisukuma maneno, maneno yakasukuma kurasa, na mimi nikarudisha mistari saba niliyoikata, nikaandika pembeni ya kila mmoja "ibaki." Lamyai alituletea wali na samaki, akaketi mlangoni akimsubiri mtu yeyote aje kumwambia kwamba imeshindikana. Hakuna aliyekuja. Saa saba mchana mashine ikaanza.

Jumamosi nilikwenda hekaluni pamoja na nusu ya mji. Meza ya vitabu ilikuwa chini ya hema, na nyuma yake walisimama wawili, Phichet na Lamyai, wakigawa kwa mikono miwili, kila mgeni kimoja. Mama mmoja mwenye shanga za lulu, shangazi wa upande wa baba, alimuuliza Phichet huyo wa pembeni ni nani. Phichet hakueleza. Alifungua kitabu cha yule mama mkononi mwake mwenyewe, akamwekea kidole kwenye kisanduku, akangoja hadi akamaliza kusoma.

Jumatatu niliwahi kufika. Daftari lilikuwa mezani kwa Prayong, limefunguliwa. Alikwisha kuandika: "Mwalimu Samon. Visanduku saba havikuingia. Dawa: kugawa faili nusu kwa nusu, kutazama kwa mwonekano wa ukurasa, kujenga kwa mkono." Penye "chanzo" aliacha wazi. Nilipekua daftari lote, na yale mengine matatu kabatini. Hakuna mahali pengine alipopaacha wazi.

Nikachukua kalamu yangu nyekundu nikaandika: "Chanzo: Thongbai. Alisafisha bila kutazama, akaulizwa, akadanganya." Nilibaki nimesimama mpaka akaja. Alitundika mkoba wake, akavaa miwani mipya, akasoma. Nikamwambia nitampigia Phichet simu asubuhi hiyohiyo nimweleze, na kwamba tangu leo sitagusa faili asilolitazama, wala sitamdanganya tena.

Prayong akachukua flashi ya mteja mwingine iliyokuwa imengoja tangu Ijumaa, akaigeuzageuza mkononi.

"Tutaona," akasema.